Dola 10,200 za msamaha: nani hasa alisamehewa?

Tarehe 11 Machi 2021, Rais Joe Biden wa Marekani alitia saini sheria kubwa ya kunusuru uchumi. Ndani yake mlikuwa na kifungu kilichowagusa moja kwa moja watu waliopoteza kazi mwaka uliotangulia: dola 10,200 za kwanza za fao la kukosa ajira lililolipwa mwaka 2020 hazitatozwa kodi ya mapato ya serikali kuu, mradi kipato cha mwaka kiwe chini ya dola 150,000. Mume na mke waliokosa kazi wote wawili, kila mmoja na 10,200 yake. Msimu wa kodi ulikuwa umeshaanza, mamilioni walikuwa wameshatuma fomu zao, na sheria ikabadilika njiani.

Nakumbuka furaha iliyopita kwenye makundi yetu ya WhatsApp ya ughaibuni. Waliokuwa wameambiwa wanadaiwa kodi wakaanza kuulizana lini watarudishiwa. Manung'uniko yaliyokuwepo kabla ya hapo yalikuwa mamoja: serikali inakupa msaada wakati wa janga, kisha mwaka haujaisha inakuja kuudai. Anayesema hivyo humlaumu, maana hesabu alizoletewa zilikuwa zinatisha. Lakini yapo mambo mawili ambayo katika shangwe ile hayakusemwa, na naona hata leo mjadala huu ukifufuliwa hayasemwi.

Tuanze na watu wawili. Tuseme wanapanga nyumba moja Houston, Texas, jimbo lisilo na kodi yake ya mapato, ili hesabu isituchanganye. Wote hawana mwenza wala watoto. Mmoja alikuwa anafanya usafi hotelini. Machi 2020 hoteli ikafungwa. Alikuwa ameshapata mshahara wa dola 7,000. Kuanzia Aprili akawa analipwa fao la jimbo, dola 300 kwa wiki, kwa wiki 39 hadi Desemba: dola 11,700. Juu yake zikaongezwa zile dola 600 za kila wiki zilizoidhinishwa na sheria ya dharura ya tarehe 27 Machi 2020. Hizo zililipwa kwa wiki 17, hadi mwisho wa Julai. Kumi na saba mara 600 ni 10,200 kamili, namba ileile iliyokuja kusamehewa. Jumla ya mwaka wake: dola 28,900.

Mwenzake alikuwa msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Yeye hakufungiwa. Alienda kila zamu, kwenye majengo ambayo mwaka ule yalikuwa miongoni mwa sehemu zenye vifo vingi kuliko zote Marekani, akiwaogesha na kuwalisha watu ambao watoto wao wenyewe walikuwa hawaruhusiwi kuwashika mkono. Tuseme naye mwaka mzima alipata dola 28,900.

Huyu wa pili alitozwa kodi ya mapato dola 1,782.50. Mbali na hiyo, akakatwa asilimia 7.65 ya mshahara wote kwa ajili ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee: dola 2,210.85. Jumla inakaribia 3,993.

Wa kwanza, kabla ya msamaha, alitakiwa kodi ya mapato ileile, 1,782.50, kwa kuwa kipato ni kilekile. Ila ile asilimia 7.65 ilimgusa kwenye dola 7,000 za mshahara tu, kwa sababu fao halikatwi hayo. Jumla yake 2,318. Yaani hata kabla Bunge halijasamehe kitu, aliyebaki nyumbani alikuwa anatoa dola 1,675 pungufu ya mwenzake mwenye kipato sawasawa na chake. Baada ya msamaha, kodi yake ya mapato ilishuka hadi 630, na jumla ikawa 1,165.50.

Dola 3,993 upande mmoja, 1,165 upande wa pili. Kodi ya nyumba wanagawana nusu kwa nusu. Mchele wananunua duka moja. Nimezirudia hesabu hizi mara kadhaa nikidhani nimekosea, na kila mara linabaki pengo la zaidi ya dola 2,800. Wabeba boksi wetu wangapi walikuwa upande wa yule msaidizi wa wauguzi? Kwenye nyumba za wazee, kwenye viwanda vya nyama, kwenye maghala. Kodi ya mapato haiulizi fedha ulizipataje; inauliza mwaka huu uliingiza kiasi gani. Aliyeingiza sawa na jirani yake achangie sawa na jirani yake. Nje ya hapo, tunamtoza zaidi yule aliyetoka nje kufanya kazi.

Sisemi kwamba wa kwanza alikuwa amestarehe. Kukosa kazi bila kosa lako kunaumiza. Aliyebaki kazini alikuwa na uhakika wa mwezi ujao, naye mwenzake alikuwa na barua ya jimbo inayoweza kusitishwa wakati wowote. Isitoshe, kutokatwa ile asilimia 7.65 kuna upande wake mchungu: miezi ile haihesabiwi kwenye pensheni yake ya uzeeni. Yote hayo ni kweli. Lakini shida ya kukosa kazi hujibiwa na ukubwa wa fao na muda wake, na mwaka 2020 Bunge liliijibu kwa mkono mpana kuliko wakati wowote kabla yake. Kodi ina kazi nyingine.

Kazi hiyo ndiyo jambo la pili. Zile dola 600 zililipwa kwa kiwango kimoja kwa kila mtu. Sababu ilikuwa ya kiufundi zaidi kuliko ya kisera: kompyuta za ofisi za majimbo zilikuwa za kizamani mno, hazikuweza haraka kumpigia kila mtu asilimia ya mshahara wake. Ikachaguliwa namba moja kwa wote. Kwa hiyo msafisha vyumba alipewa 600, na mhandisi aliyesimamishwa miezi minne naye akapewa 600. Hundi ya dola 1,200 waliyotumiwa watu mwaka ule ilichujwa mapema, maana ilianza kupungua kwa asiye na mwenza anayezidi dola 75,000 kwa mwaka. Fao halikuchujwa. Chujio pekee lililobaki lilikuwa kodi ya mwisho wa mwaka.

Tazama lilivyofanya kazi, kisha tazama msamaha ulivyolitoboa. Mama mwenye watoto wawili anayelea peke yake, kwenye jimbo lenye fao dogo: mshahara wa dola 5,000, fao la jimbo 3,000, na zile 10,200. Jumla 18,200. Kiwango kisichotozwa kodi kwa mzazi wa aina yake mwaka 2020 kilikuwa dola 18,650. Alikuwa hadaiwi kodi ya mapato hata senti. Msamaha ulipokuja ulimpa sifuri, kwa kuwa hakikuwepo cha kusamehewa.

Sasa mhandisi wetu, asiye na mwenza, aliyepata mshahara wa dola 100,000 katika miezi aliyofanya kazi, na zile 10,200 juu. Yuko kwenye ngazi ya asilimia 24. Msamaha ulimpa dola 2,448. Yule wa hotelini alipata 1,152.50, katikati ya hao wawili. Kadiri ulivyokuwa nazo ndivyo ulivyosamehewa zaidi, hadi ufike 150,000, ambapo ukigusa tu mstari unakosa zote. Na mstari huo ulikuwa mmoja kwa mtu mmoja na kwa mume na mke.

Wapo waliotetea kwamba wazazi wengine maskini walinufaika kwa njia ya pembeni: kipato kilichohesabiwa kikishuka, ruzuku ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini ilipanda, na wengine wakaipata ambao awali walikosa. Ni hoja sahihi, na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, yenyewe iliwarekebishia baadhi yao. Ila huyu mama wa 18,200 alikuwa chini ya kiwango ambacho ruzuku hiyo huanza kupungua, kwa hiyo hata huko hakuongezewa chochote. Kama fedha zile zingegawiwa sawa kwa kila aliyepokea fao, yeye angekuwa wa kwanza kupata. Ziligawiwa kwa njia ya kodi, akawa wa mwisho.

Watetezi wa msamaha wana hoja moja ambayo kwangu ni nzito kuliko zote. Mwaka uleule wa 2020 wafanyabiashara walipewa mikopo ya serikali iliyoitwa PPP ili wasifukuze wafanyakazi. Aliyetimiza masharti alisamehewa mkopo, na kiasi kilichosamehewa hakikuhesabiwa kuwa kipato. Desemba 2020 Bunge likaongeza kwamba hata gharama zilizolipwa kwa fedha hizo zingeweza kutolewa kwenye hesabu ya kodi. Mwenye hoteli anapewa fedha bila kodi, kisha anapunguziwa na kodi ya fedha nyingine. Msafishaji wake anapewa fao na kutozwa. Mtu akiniuliza haki iko wapi hapo, sina jibu la kumtuliza. Naona tu kwamba kosa lilikuwa kwenye ile nyongeza ya Desemba, na nisingependa iwe kipimo cha kupimia kila kitu kingine.

Hoja nyingine, kwamba "fao ni haki yangu, nimelichangia", haisimami vizuri. Karibu majimbo yote mfuko ule huchangiwa na mwajiri peke yake, na mchango huo hauhesabiwi kama mshahara wako wala hukatwi kodi juu yake. Ndiyo maana fao linapofika mkononi mwako, hiyo ndiyo mara ya kwanza serikali kulitazama kama kipato cha mtu. Na utaratibu huu si wa jana. Fao lilikuwa halitozwi kodi hadi sheria ya mwaka 1978 ilipoanza kuwagusa wenye kipato cha juu, na kuanzia 1987 kanuni ikawa kwamba linatozwa lote.

Kwa nini basi iliuma vile? Hapa ndipo nadhani walalamikaji walikuwa na haki kamili, isipokuwa walinyoosha kidole mahali pasipo.

Mshahara Marekani hukatwa kodi juu kwa juu. Huioni, huishiki, huizoei. Fao halikatwi mpaka uombe. Kwenye maombi kuna kisanduku cha kuweka alama ili wakate asilimia 10. Usipoweka, unapokea zote. Mwezi Aprili 2020, mtu anajaza maombi kwenye tovuti inayokatika kila dakika tano, jokofu tupu, kodi ya nyumba imechelewa, mdogo wake Kigoma anasubiri ada. Nani angeweka alama kwenye kisanduku kinachompunguzia fedha? Na wangapi kati ya watu wetu walielewa swali lenyewe, kwa Kiingereza cha serikali?

Rudi kwa yule wa hotelini. Angekatwa asilimia 10 ya fao lake lote la 21,900, ingekuwa 2,190. Kodi yake ya mwaka ilikuwa 1,782.50. Bila msamaha wowote, IRS ingemrudishia zaidi ya dola 400, mbali na zile alizokwisha kukatwa kwenye mshahara. Angepokea 810 kwa wiki badala ya 900 wakati zile 600 zinalipwa, na 270 badala ya 300 baadaye. Hilo la mwisho lingebana, sikatai. Lakini asingekutana na deni ambalo fedha zake zilishaliwa mwaka jana.

Kanada walipita njia hiyohiyo wakajikwaa palepale. Malipo yao ya kwanza ya dharura, dola 2,000 za Kanada kwa wiki nne, yalitolewa bila kukatwa kitu, ingawa yalihesabiwa kuwa kipato. Vuli ya 2020 walipoanzisha malipo mapya ya dola 1,000 kwa wiki mbili, walikata asilimia 10 hapohapo. Mtu alipata 900. Na kwa wale wa mwanzo waliokutwa na deni, serikali ilitangaza Februari 2021 kwamba wenye kipato kinachotozwa kodi kisichozidi dola 75,000 hawatadaiwa riba kwa mwaka mzima. Hawakufuta kodi. Walitoa muda. Mwenye mshahara mnono hakupewa zawadi, na mnyonge hakukimbizwa.

Msamaha wa Marekani uliacha doa lingine. Ulihusu mwaka 2020 tu. Nyongeza ya dola 300 kwa wiki iliendelea hadi Septemba 6, 2021, na katika majimbo yasiyoisitisha mapema ilifika wiki 36 ndani ya mwaka ule, yaani dola 10,800. Aliyepoteza kazi Januari 2021, janga lilelile, akatozwa kodi yote. Kama kuitoza 2020 kulikuwa dhuluma, kwa nini 2021 iwe haki? Sijawahi kusikia mtetezi wa msamaha akilijibu hilo bila kugusia siasa za msimu ule.

Na kisanduku kiko palepale hadi leo, kinasubiri mwombaji akitafute. Kingegeuzwa: asilimia 10 ikatwe kwa kila mtu isipokuwa atakayesema hapana. Kama Bunge lilitaka mtu ashike dola 600 mkononi, lingeandika 667 kwenye sheria. Ikikatwa asilimia 10 anabaki na 600 na senti 30. Mama wa watoto wawili asingedaiwa kitu, kwa kuwa nafuu ya kodi ya watoto ingefuta kodi ya kile kidogo ambacho kingezidi 18,650, naye angezirudishiwa zote zilizokatwa mara anapotuma fomu zake: dola 67 mara 17, zaidi ya 1,130. Chini ya msamaha wa 10,200 alipata sifuri.