Kinachochekwa Si Tahajia

"Sijasoma habari yenyewe, lakini nilijua tu itafika hapa." Sentensi hiyo ina maneno manane, na mtunzi wa tashtiti, yaani maandishi yanayokejeli kwa kuiga, hahitaji kuongeza hata moja. Kazi yake ni kuitoa katikati ya maoni mengine mia ya wasomaji mtandaoni yanayofanana nayo na kuiweka peke yake mahali panapoonekana. Hapo ndipo msomaji anapotambua kazi inayofanywa na "lakini": kabla yake mtu amekiri kwamba hajui, baada yake ametoa hukumu, na kiunganishi kimoja kimebebeshwa mzigo uliopaswa kubebwa na hoja. "Tu" nayo haikukaa bure, kwani inaigeuza dhana kuwa jambo lililokuwa wazi tangu zamani kwa kila mwenye akili.

Tashtiti ya namna hii hulaumiwa kwamba ni dharau ya wasomi kwa wasiosoma, na lawama hiyo ina ukweli wake. Wapo waigaji ambao mbinu yao yote ni kukosea tahajia kwa makusudi, kuandika kwa herufi kubwa tupu na kumwaga alama za mshangao, na anayechekwa hapo ni mtu aliyekosa shule au anayeandika kwa lugha asiyoizoea. Huo ni uvivu, nami siutetei. Ila wakosoaji wanauchukua uvivu huo kuwa ndiyo sanaa yenyewe, ilhali mwigaji hodari huandika kwa tahajia safi kabisa, kwa sababu anachoiga ni mwendo wa fikra. "Mimi si daktari, ila nimekaa na mwili huu miaka arobaini." "Simtuhumu mtu, nauliza tu." "Takwimu zipo, zitafuteni wenyewe." Hamna kosa la sarufi hapo, na profesa anaweza kuandika hayo kama mtu mwingine yeyote, tena wapo wanaoyaandika.

Hiyo ya takwimu ndiyo inayonivutia zaidi. Kwa neno moja, "wenyewe", wajibu wa kuthibitisha umetoka kwa msemaji ukamwangukia msikilizaji, na atakayeuliza zaidi ataonekana mzembe. Mwigaji anaisukuma hatua moja mbele: "Takwimu zipo, zitafuteni wenyewe, na mkizikosa basi mjue zimefichwa." Chuku hapa haijazua jambo geni, bali imeifikisha sentensi kule ilikokuwa ikielekea, mahali ambapo msemaji wa kwanza hakupenda kufika mbele ya watu.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba wengi hawatambui utani. Mwaka 2005, katika mjadala wa mtandaoni kuhusu uumbaji na mageuko ya viumbe, mchangiaji aitwaye Nathan Poe aliandika kwamba bila alama ya tabasamu au dalili nyingine ya wazi, mwigo wa msimamo mkali lazima utadhaniwa na mtu fulani kuwa wa kweli. Hatari hiyo imeitangulia intaneti kwa mbali: mwandishi Mwingereza Daniel Defoe alipoiga mwaka 1702 sauti ya waliotaka Wakristo waliojitenga na kanisa rasmi la Uingereza wakomeshwe kwa ukatili, wapo walioafikiana naye kwa dhati, na mwaka 1703 akaadhibiwa kwa kufungwa hadharani kwenye mbao za aibu. Leo mambo ni mabaya zaidi, maana picha ya skrini husafiri bila jina la mtunzi.

Hata hivyo, dawa inayopendekezwa, yaani kubandika juu kabisa maneno "huu ni utani", huiua tashtiti. Msomaji anapaswa kuitikia kwa kichwa sentensi ya kwanza ndipo achomwe na ya tatu. Akionywa mapema, haitikii, na asipoitikia hana cha kujishuku. Gazeti la tashtiti la The Onion lilijenga hoja ya aina hiyo mwaka 2022, lilipojitokeza kama rafiki wa mahakama, yaani asiye mhusika wa kesi anayetoa maoni yake, mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya mtu aliyekamatwa kwa kuiga ukurasa wa Facebook wa polisi wa mji wa Parma, Ohio. Mwaka 2023 mahakama ilikataa kuisikiliza kesi hiyo.

Ninachowadai waigaji ni kimoja: wamsome wanayemwiga hadi mwisho. Anayemkata mtu katikati ya sentensi ili achekwe, naye hajasoma habari yenyewe.