Sifuri za Mjomba

Kabla sijaanza, tuelewane kuhusu neno moja: pedi. Nikisema pedi namaanisha ile ya kuchezea gemu, yenye vitufe na vijiti viwili vya kusukuma kwa dole gumba. Nasisitiza kwa sababu siku niliyoinunua kwa fundi simu mmoja pale sokoni, nilimpigia shangazi kwa furaha nikamwambia nimepata pedi nzuri, bei poa, imetumika kidogo tu. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akaniuliza kama niko salama.

Niko salama, shangazi. Nakaa Magomeni, Mtwara mjini, na umri wangu hauhusiani na habari hii. Nintendo DS, kile kidude cha gemu cha kushika mkononi, ilipotoka mwaka 2004 mimi nilikuwa Tandahimba nalinda korosho za bibi zilizoanikwa uani, kazi ambayo mshahara wake ulikuwa kutochapwa. Vidude vile viliuzwa duniani zaidi ya milioni 150, na hata kimoja hakikupita kwenye ule uwanja wa bibi. Kwa hiyo leo, nikiwa mtu mzima mwenye laptopu, nimeamua kudai haki yangu kwa njia ya emyuleta. Hii ni programu inayoifanya kompyuta ijidai kuwa kitu kingine, kama mtu anayeazima suti ya harusi.

Tabu ya DS ni kwamba ina skrini mbili, na ya chini unaigusa kwa kalamu. Kwenye kompyuta, mausi ndiyo inakuwa kalamu. Ukiwa umekaa mezani, sawa. Mimi nacheza nimelala chali kitandani, feni inapuliza, laptopu iko juu ya stuli miguuni. Mausi nitaiweka wapi, kifuani? Ndipo nikaweka programu ndogo inaitwa JoyToKey. Kazi yake ni kuidanganya kompyuta: wewe unabonyeza pedi, yenyewe inaiambia kompyuta kwamba mtu kabonyeza kibodi, au kasogeza mausi. Kijiti cha kushoto nikakifanya mausi. Vitufe nikavipa kazi za kibodi.

Na hapa kwenye kibodi pana historia. Emyuleta yangu ilikuja na kitufe A kimewekwa kwenye herufi X, na B kwenye Z. Herufi hizo mbili kwangu zilishakufa siku nyingi, zilinyweshwa chai ya rangi na mgeni ambaye simtaji kwa kuwa bado ananidai. Basi enzi zile nacheza kwa kibodi tupu nilihamisha: A ikawa namba 0, B ikawa namba 9, Start ikabaki Enter. Pedi ilipokuja sikuona sababu ya kubadilisha. Nikaiambia tu JoyToKey: A, andika sifuri.

Ningeweza kuiacha emyuleta iisome pedi yenyewe moja kwa moja, na hayo yote yangeishia ndani ya gemu. JoyToKey haina mipaka hiyo. Programu yoyote iliyo mbele ya macho, iwe gemu, iwe barua ya kuomba kazi, inaandikiwa. Kuna sehemu ya kuiagiza ifanye kazi kwenye emyuleta peke yake, na niliiona. Nilisema nitaishughulikia kesho. Badala yake nikaiagiza iwe inajiwasha yenyewe kila kompyuta inapowaka, nisisumbuke.

Desemba akaja mpwa wangu kutoka Newala, likizo. Ana miaka tisa na vidole vyepesi kama vya mchuma karafuu. Usiku wa kwanza tukakesha, na humo tukagundua mgogoro wa kimataifa. Kwenye vidude vya Nintendo, A iko kulia na B iko chini. Kwenye pedi za mtindo wa Xbox, kama hii yangu, A iko chini na B iko kulia. Mimi nilipanga kwa kufuata herufi zilizoandikwa kwenye pedi. Gemu lenyewe likikuonyesha mchoro wa vitufe vinne likakolezea cha kulia, linataka A, na mtoto anabonyeza cha kulia, ambacho kwenye pedi ni B, na anakufa. Alikufa mara kumi na nne. Nikamwekea sheria: nikisema A, usikurupuke, uliza kwanza A ipi. Akaishika sheria hiyo kama sala.

Pedi nayo ilikuwa na ugonjwa wake. Kijiti cha kushoto kimechoka, ukikiachia hakirudi katikati sawasawa, kwa hiyo mshale wa mausi unatambaa wenyewe kuelekea kona ya juu kushoto. Dawa yake ni kupanua lile eneo la katikati ambalo kompyuta inatakiwa kulipuuza. Hilo nalo nilisema kesho.

Jumamosi ilikuwa kikao cha kamati ya harusi ya binamu yangu, uani kwa shangazi. Mimi ni katibu. Na kwa kuwa mwaka huu tuliamua kwenda kisasa, nilikodi projekta kwa jamaa anayeonyesha mpira, tukatundika shuka jeupe ukutani, orodha ya michango ikawaka mle kubwa kama msimamo wa ligi. Jina, ahadi, alicholipa. Nia ya shuka ilikuwa moja, na mwenyekiti aliisema wazi kwenye kikao cha siri: mtu akiona mchango wake una urefu wa kidole na wa jirani una urefu wa mkono, ataona haya.

Aliyelengwa hasa alikuwa Mjomba Mkubwa.

Kwetu huku mjomba si ndugu wa kupita. Harusi ya mtoto wa dada yake ni harusi yake. Mjomba Mkubwa ni mjomba wa nusu ya ule ua, na nusu nyingine inamwita hivyo hivyo kwa mazoea. Alikuwa ametoka kulipwa mnada wa korosho. Kila mtu alijua, kwa sababu pikipiki mbili mpya zilikuwa uani kwake zina nailoni kwenye siti, na yeye kaja kwenye kikao kwa miguu.

"Mjomba, tunakusikiliza," mwenyekiti alisema.

Mjomba akakohoa. Akaanza na salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, ilivyopanda bei. Akaja kwenye mvua iliyonyesha wakati mikorosho ina maua. Akapitia makato, moja moja, kwa majina. Watu wa nyuma walishaanza kumenya maembe. Mwisho akasema, kwa sauti ya mtu anayeungama, "Basi niandikieni elfu ishirini."

Nikaandika 20000. Sikubonyeza Enter. Kwa heshima nilimwachia nafasi, huenda akaongeza.

Ikaongezeka. Sifuri moja. Halafu nyingine. Halafu Enter ikajibonyeza, namba ikajipanga vizuri na koma zake, na shuka zima likasomeka: Mjomba Mkubwa, 2,000,000.

Wa mbele tulikuwa tumemsikia. Wa nyuma hawakusikia kitu, walisoma tu. Na wa nyuma ndiyo walikuwa wengi, na ndiyo walikuwa akina mama. Kigelegele cha kwanza kilitoka jikoni, sijui waliionaje kutoka kule. Kikajibiwa. Mama mmoja akavua kanga ya pili akaitandika chini Mjomba akanyage, ingawa alikuwa amekaa. Nikamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti ni mtu mzima, alikuwa amelisikia lile elfu ishirini kwa masikio yake mawili. Aliangalia ukutani, akaangalia jumla kule chini ilivyoruka, akafunga daftari lake taratibu na kunyamaza.

Mjomba naye akatazama shuka. Akatazama kanga. Nilimwona akimeza mate mara mbili.

"Msimu," akasema, "haukuwa mbaya sana."

Hapo ningenyamaza, kijana mwenye akili angenyamaza. Lakini mimi katibu. Nikainama, nikabonyeza F2, kitufe cha kurekebisha kilichokwisha andikwa, ili nifute zile sifuri mbili, kidole kiko njiani kuelekea kitufe cha kufutia, na sifuri ya tatu ikaingia. Enter.

20,000,000.

Vigelegele vikakatika kama umeme. Bajeti ya harusi nzima, na maturubai yake, na ng'ombe, ilikuwa milioni sita na nusu. Embe likaanguka kutoka mtini, likasikika.

"Hapana," Mjomba akasimama. "Hapo sasa mmepitiliza."

Yaani, na hili ndilo lililonichekesha usiku nilipopata nafasi ya kucheka, ile milioni mbili alikuwa ameshaikubali.

Ua ukachafuka. Mmoja akasema ni virusi. Mwingine akasema zima uwashe. Kijana wa bodaboda akasema labda kompyuta imeona salio lake. Bibi mmoja akataka tuzime shuka, shuka, siyo projekta. Mimi nafuta, na kila nikifuta moja zinaingia mbili, sasa na tisa nazo zimo, Mjomba anasoma kila namba kwa sauti kama mtu anayehesabiwa viboko. Nikashika mausi ya laptopu nihamie kisanduku kingine. Mshale ukakataa. Ukaanza kupanda wenyewe, polepole, kwa kujivuta, kuelekea kona ya juu kushoto.

Mwendo ule naujua.

Kile kipokezi cha pedi, maana pedi yangu haina waya, kidude kidogo kama ukucha, kilikuwa kimechomekwa ubavuni mwa laptopu. Huwa sikichomoi, kisipotee. Pedi yenyewe niliiacha nyumbani, chini ya mto. Niligeuka nyuma. Chini ya mwembe, kama mita nane hivi, watoto saba walikuwa wamekaa duara, na katikati yao mpwa wangu, shati limetuna tumboni, mikono yote miwili humo ndani. Alikuwa anawasimulia wenzake gemu la jana usiku, hatua kwa hatua, na kila hatua anaibonyeza. Hakuwa na habari na shuka. Macho yake yalikuwa yamefumba.

"We!" nilipiga kelele. "Acha A!"

Akafumbua macho. Ua mzima umemgeukia. Na mtoto mwenye adabu, aliyefundishwa asikurupuke, akauliza kwa sauti safi iliyofika mpaka barabarani:

"A ipi, Mjomba? Ya chini au ya kulia?"

"Mimi sijui," Mjomba Mkubwa akamjibu, kwa kuwa ukiita mjomba pale uani yeye ndiye huitika. "Muulize huyo mwenye mashine."

Nilichukua dakika kumi kueleza. Siwashauri mjaribu kuieleza JoyToKey mbele ya kamati ya harusi. Nilionyesha pedi, nikabonyeza A, sifuri ikatokea ukutani, wakasema aaah. Nikabonyeza B, tisa ikatokea. Mzee mmoja akataka kujua saba iko wapi. Shangazi, aliyekuwa ametoka jikoni na mwiko, akaniuliza mbele ya wote, "Kumbe hii ndiyo ile pedi?" Nikasema ndiyo. Akasema afadhali.

Ikabaki ahadi. Shuka lilikuwa linasoma tena 20,000,000, maana hapo ndipo nilipoifikisha kabla ya kuchomoa kipokezi. Kila mtu sasa alijua kilichosemwa ni ngapi, na kila mtu alikuwa ameshapiga kigelegele, na kigelegele hakirudishwi. Mama wa kanga alikuwa ameikunja, anamtazama Mjomba tu.

Mjomba akajiweka sawa koti. "Mimi si mtu wa kurudi nyuma mbele za watu," alisema. "Toa sifuri mbili, tuendelee na mengine."

Nikahesabu kwa macho. Nikahesabu tena. Kwenda kwenye elfu ishirini zilitakiwa kutoka tatu. Nikamtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akanipa kile kitikiso cha kichwa ambacho hata kamera haiwezi kukithibitisha. Nikatoa mbili. 200,000. Enter. Kanga ikatandikwa upya.

Sijui kama alikosea. Mtu anayejua makato yake yote ya msimu kwa moyo, mpaka senti, sioni akipotea kwenye sifuri. Lakini pia alikuwa amesimama mbele ya projekta, mwanga wote machoni. Aliilipa Jumanne, taslimu, noti zimefungwa kwenye mfuko wa rambo na kamba ya viatu.

Alipomaliza kunihesabia hakuondoka. Alimwita mpwa wangu. "Hebu nione hicho kidude." Akakipima uzito kwa kiganja, akakigeuza, akabonyeza A ya chini, kisha ya kulia, kwa haki. Akainama kwa mtoto, akashusha sauti, ingawa tulikuwa watatu tu sebuleni.

"Kwenye mzani wa ghalani," akauliza, "kinasoma?"

Mtoto akafikiri kweli. "Kama mzani una tundu la USB, babu."

Mjomba akaitikia kwa kichwa, akachukua kofia yake, akaenda. Wiki iliyofuata simu yangu ikaita asubuhi na mapema. Nikaamkia shikamoo, hakuitikia hata marahaba.

"Nimeuzunguka wote," akasema. "Hauna."