Pilipili Mbuzi Siku ya Posa

Yote yalianza na pilipili mbuzi mbili za soko la Tandika. Nilikula nusu ya moja na wali maharage, jasho likanitoka mpaka magotini, nikasema hii lazima niwe nayo ya kwangu mwenyewe. Mbegu nikazianika dirishani juu ya kipande cha gazeti.

Naishi nyumba ya kupanga: vyumba sita, bomba moja, choo kimoja, na Mama Mwenye Nyumba mmoja anayetosha watatu. Nilimwomba nafasi ya ndoo sita za rangi kule uani. "Unapanda nini, baba?" Nikamwambia pilipili. "Haya. Mradi zisiniletee nyoka."

Ilikuwa Oktoba. Mbegu za pilipili mbuzi hazina haraka. Zilikaa siku 16 bila kutoa hata pua, nami kila asubuhi nimeinamia kopo kama mtu anayesubiri majibu ya maabara. Zilipochipua nikatangazia nyumba nzima, na tangu hapo nikawa mtu wa kuepukwa kwenye foleni ya choo. Nilikuwa nimesoma kwenye simu habari za Mmarekani Wilbur Scoville, aliyebuni kipimo cha ukali wa pilipili mwaka 1912. Basi kila aliyekuja na ndoo ya maji alisimuliwa: hoho ni sifuri, habanero, ndugu wa damu wa hii yetu ya mbuzi, huanzia 100,000 ikafika hata 350,000.

"Hizo laki tatu ni shilingi?" aliuliza dada wa chumba cha nne, muuza vitumbua. Nilipomwambia si shilingi, akapita zake.

Tena nikazipenda kupita kiasi. Nilinunua urea ya kupimiwa, nikazitilia kama mtu anavyotia sukari kwenye chai ya mgeni. Miche ikanenepa, majani mapana ya kijani kilichokolea, ua hakuna hata moja. Mzee wa chumba cha mwisho, mtu wa Lushoto aliyekulia shambani, alizitazama kwa muda mrefu. "Mwanangu, huu mchicha utauchuma lini?" Ndiye aliyenieleza kuwa urea ikizidi, mmea hushughulika na majani ukasahau kuzaa. Nikaacha urea, nikahamia kwenye samadi iliyokwisha kuoza, na kufika Februari maua yakatoka.

Matunda yalipoanza kuiva, yakaanza kuibwa. Leo mawili, kesho matatu. Nikawashuku wapangaji wenzangu. Jioni nilikuwa napita mlango kwa mlango na kopo langu kama naenda bombani, kumbe nasikiliza nani anahema ulimi nje, maana pilipili ile hailiwi kimyakimya. Wapi! Watu wanakula kwa amani. Siku ya nne, saa kumi na mbili asubuhi, nikamkamata mwizi: tetea mweusi wa Mama Mwenye Nyumba, anameza pilipili nzima kama punje ya mahindi, anapangusa mdomo ardhini, ananitazama kwa jicho la pembeni. Nikasimama pale nisubiri kilio. Hakulia. Baadaye ndipo nikasoma kwamba ndege hawausikii ule ukali, na huko porini wao ndio wasambazaji wa mbegu. Nilizungushia ndoo zangu chandarua kikuukuu, nikanyamaza. Kuku wa mwenye nyumba hashtakiwi kwa mwenye nyumba.

Mavuno yakaangukia katikati ya masika. Sufuria nzima imejaa, na jua hakuna. Siku ya tatu ya mvua zikaanza kuota ukungu, nikaona bora nizikaushe kwa moto. Nililiweka jiko la mkaa kibarazani, chini ya dirisha la sebule ya Mama, kwani ndipo pekee pasipovuja. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeona mazulia yakikung'utwa na masufuria makubwa yakioshwa. Sikuuliza. Nikapasua pilipili kwa mikono mitupu, nikazimwaga kwenye kikaango, nikaenda chumbani kutafuta chupa ya kuzihifadhia. Simu ikaita.

Kumbe sebuleni wameketi wazee wanane, wamekuja kumposa binti wa Mama Mwenye Nyumba. Haya nilisimuliwa na dada wa vitumbua, aliyekuwa akipeleka kahawa. Mshenga, kanzu na koti, barua mkononi imefungwa kwenye kitambaa cheupe pamoja na hela yake, ndiyo kwanza ameanza: "Sisi tulikuwa tunapita njia, tukaona humu ndani mna bustani, na bustanini mna ua..." Hapo kwenye ua koo likambana.

Moshi wa pilipili ni mwepesi, hauonekani kirahisi, na huo ndio ubaya wake. Mshenga akakohoa, akaomba radhi, akarudi kuanzia bustanini, akakohoa tena. Mjomba wa bwana akaitikia kwa chafya saba. Shangazi wa binti, aliyekuja amekaza uso ili mahari isishuke, machozi yakamtiririka. Upande wa pili wakadhani maneno yamemgusa, nao kwa adabu wakalia. Kwa muda kila mtu akawa anamwonea mwenzake huruma. Mwisho mshenga, hana jinsi, akakifungua kile kitambaa cheupe akajifutia macho. Hela zikamwagika zuliani, barua ikatua kwenye sinia la kahawa.

"Mabomu ya machozi!" mtu akapiga kelele.

Nilipotoka, nyumba nzima ilikuwa mvuani: wazee wa posa, wapangaji, kitoto kichanga cha chumba cha pili, na mposwaji mwenyewe amejifunika khanga mpaka puani. Nikakimbilia kikaango, nikakimwagia maji. Mzee wa Lushoto alinyoosha mkono kunizuia, akachelewa. Mvuke ukapanda, wote wakalia upya.

Mama Mwenye Nyumba akanijia, macho mekundu, sauti ya chini kabisa. "Hebu nijibu, baba. Wahenga walisema pilipili usiyoila yakuwashiani. Mimi sijaila. Wakwe zangu hawajaila. Mbona inatuwasha?"

Nikainua mkono kujifuta jasho nimjibu. Mkono ule ule. Jibu lake likawa mayowe.

Baada ya nusu saa, madirisha wazi, wageni walirudishwa ndani. "Tulikuja kwa ajili ya ua," mshenga akamalizia kwa sauti ya chura, "naona tumetangulizwa tunda." Mahari, nasikia, ilikwisha haraka, kwani hakuna aliyebakiwa na koo la kubishana.

Mimi nilikuwa bombani na mikono inayowaka. Nilikaa na maji saa nzima bila nafuu, mpaka dada wa vitumbua akaniletea mafuta ya kula nijipake kwanza, kisha ndiyo sabuni. "Laki tatu hizo," akasema, akapita zake.

Usiku mtoto akanigongea na sahani iliyofunikwa: pilau na paja la kuku. Nilichungulia uani, tetea mweusi hayupo. Nikaketi kitandani, nikala taratibu. Nyama ilikuwa laini, imeiva vizuri, na haikuwa na pilipili hata chembe.