Usaili wa Sebuleni

Wenzetu wa Uingereza wakiomba Oxford au Cambridge, wanaopita mchujo wanawekwa mbele ya wahadhiri, wanaulizwa maswali ya kutoa jasho, kisha wanalalamika. Jamani, usaili wenu si umekwisha! Mimi vyuo nilivyoomba havikuniuliza hata kama nimekula. Nimejaza fomu mtandaoni, nimelipia, kompyuta imejumlisha pointi zangu, basi. Usaili nafanyiwa sebuleni kwetu, na haujaisha.

Jopo la kwanza lilikuwa Shangazi. Alikuwa peke yake, lakini Shangazi peke yake ni jopo. Alikuja siku matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, mkoba ungali kwapani.

"Pointi ngapi?"

"Shikamoo Shangazi. Kumi. HGL, daraja la pili."

Vigelegele. (HGL ni mchepuo wangu: Historia, Jiografia na Kiingereza.) Wiki iliyofuata akanikuta najaza fomu ya chuo, akachungulia.

"Mbona hapa nane?"

Nikaanza kueleza. Baraza la Mitihani linahesabu C kuwa 3 na D kuwa 4, na pointi zikiwa chache ndiyo umefaulu. Kwenye udahili wa vyuo kibao kinageuka: C ni 3 ileile, D inakuwa 2, na zikiwa nyingi ndiyo raha. Mimi nina C mbili na D moja, kwa hiyo kule kumi, huku nane. Shangazi alinitazama kama mtoto aliyetumwa dukani akarudi na chenji pungufu.

"Hizo mbili umempa nani?"

Sasa ukoo mzima, mpaka wa kule kijijini, unajua kwamba mtoto alifaulu vizuri ila kuna pointi mbili hazijulikani zilipo.

Halafu Baba Mkubwa. Huyu ni mstaafu, na mstaafu ana muda.

"Kozi gani?"

"Akiolojia, Baba."

"Ndiyo nini?"

"Tunachimba ardhi, tunatafuta mabaki ya watu wa kale."

"Mnachimba."

"Ndiyo, Baba."

"Miaka mitatu unasomea kuchimba. Aliyechimba shimo la choo hiki cha nje darasa la saba hakumaliza, na halijatitia."

Nikamtupia fuvu la Zinjanthropus, lililofukuliwa Olduvai mwaka 1959, dunia nzima ikageuza shingo. Akauliza aliyelifukua alilipwa shilingi ngapi. Mshahara wa Mary Leakey mimi nitaujuaje? Nikanyamaza, akatikisa kichwa kama anayeandika sifuri.

Kisha akafungua ghala la enzi zao. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 hukuwa unatoka kidato cha sita ukaingia chuo kikuu na begi lako. Unakwenda JKT, unafanya kazi angalau miaka miwili, halafu mwajiri na tawi la chama waandike kwamba wewe ni mtu wa maana.

"Mimi waliniandika vizuri. Wewe nani amekuandika?"

"Mkuu wa shule."

"Huyo ni kazi yake. Kuna nani mwingine?"

Hakuna mwingine. Nilikimbilia kwa kinyozi nipumue kidogo, naye kumbe ni mjumbe wa jopo. Wembe uko shingoni, ananiuliza ukimaliza utaajiriwa wapi. Nikamwambia nasomea udaktari. Najua, HGL na udaktari ni mbingu na ardhi, lakini weka wembe kwenye koo lako kwanza ndipo unilaumu. Tangu siku hiyo bibi wa nyumba ya tatu akiniona anapandisha gauni kunionyesha goti.

Na huyo Baba Mkubwa siwezi kumkasirikia. Picha yake ya pasipoti ndiyo iko kwenye fomu yangu ya mkopo, yeye ndiye mdhamini. Tena wakati naomba vyuo simu yangu ilikuwa kwa fundi, kioo kimekwenda, nikaandika namba yake. Ujinga wa mwaka!

Majina yametoka, nimechaguliwa vyuo viwili. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja unatumiwa namba ya siri kwa simu, unaiingiza kwenye akaunti ya chuo unachokitaka, ndipo unahesabika wao. Nikamfuata mbio.

"Baba, kuna ujumbe wa namba umeingia?"

"Uliingia. Nimeufuta. Wale wa ile-pesa-tuma-kwenye-namba-hii siku hizi wamekuwa wajanja, wanajifanya chuo."

Nikaomba mwingine. Siku mbili nimekaa kwenye mkeka kando ya kiti chake kama paka wa jikoni, dirisha la kuthibitisha linafungwa kesho usiku wa manane. Leo jioni simu ikalia. Akavaa miwani, akaisogeza simu mbali, akaileta karibu.

"Andika. Saba."

"Saba."

"Sufuri."

"Sufuri."

"Nne..." Akavua miwani, akaiweka simu mfuko wa shati. "Hebu kwanza. Huyo mtu wa kale mkishampata, mnamfanya nini?"