Rasta, wigi na hadithi ya kuunga nywele: laana inamwangukia nani?

Kila Idi inapokaribia, na kila harusi inapotangazwa, swali moja hurudi katika darsa za kina mama wa pwani yetu: mwanamke wa Kiislamu anayesuka rasta, yaani nyuzi za plastiki za kuongezea nywele, je, anaingia katika laana ya wenye kuunga nywele? Wako wanaojibu ndiyo bila kusita, wakaisoma hadithi na kufunga kitabu. Wako pia wanaojibu kwamba rasta ni uzi tu, na uzi si nywele. Pande zote mbili zina wa kumtegemea miongoni mwa wanazuoni wakubwa, lakini kwa namna yanavyotolewa, majibu yote mawili yanaruka swali lililowashughulisha mafakihi wenyewe, wanazuoni wa sheria ya dini, yaani ni kitu gani hasa ndani ya kuunga nywele kilicholaaniwa.

Hadithi yenyewe haina shaka. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwa njia zaidi ya moja, na mojawapo ni ile ya Asma binti Abubakar, anayesimulia kwamba mwanamke mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akaeleza kuwa binti yake ameugua surua, nywele zimempukutika, naye yu karibu kupelekwa kwa mumewe, je, amuunge? Akajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu amemlaani mwenye kuunga na mwenye kuungwa. Ni kisa kigumu, na ugumu wake nitaurudia baadaye. Riwaya nyingine inamweka khalifa Muawiya juu ya mimbari ya Madina, mwaka aliokwenda kuhiji, akiwa ameshika shungi la nywele mkononi, akiwauliza watu wa mji ule wako wapi wanazuoni wao. Katika lafudhi moja anasema kwamba Mtume aliliita jambo hilo "zur", neno la Kiarabu lenye maana ya uongo na kughushi.

Neno hilo moja limebeba mzigo mkubwa. Ikiwa sababu ya katazo ni kughushi, basi kisichomghushi mtu kinatoka nje ya katazo. Lakini mafakihi hawakuishia hapo. Wengine walitazama heshima ya kiungo cha binadamu, ambacho hakiuzwi wala hakivaliwi na mwingine, na wengine walitazama kubadili umbile. Kila sababu inachora mpaka wake.

Sisi wa pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, wengi wetu tumelelewa katika madhehebu ya Shafi, mojawapo ya madhehebu manne ya Kisunni, kwa hiyo ni haki kuanza na yaliyomo humo. Imamu Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu hayo, ameyapanga maneno ya wenzake hivi: nywele za binadamu ni haramu kuungwa, ziwe za mwanamume au mwanamke, za maharimu (ndugu asioweza kuoana nao) au za mgeni, kwa sababu ya heshima ya mwanadamu, ambaye nywele zake na kucha zake zikitengana naye hufukiwa. Nywele za mnyama zilizo najisi ni haramu pia, maana mvaaji anaibeba najisi hiyo ndani ya Swala. Ama nywele tohara zisizo za binadamu, asiye na mume ni haramu kwake, na mwenye mume ana kauli tatu, iliyo sahihi zaidi ikiwa ni kwamba akiruhusiwa na mumewe inajuzu.

Wengi huisoma sharti hiyo ya mume kama suala la utii. Mimi naiona ni suala la kughushi. Mume aliyetoa ruhusa anajua kilichomo kichwani mwa mkewe, kwa hiyo hakuna anayedanganywa. Binti asiyeolewa anaweza kuposwa kwa urefu wa nywele usio wake. Hapo hukumu inakutana na mtaa kwa namna ya kushangaza kidogo, kwa sababu wanaojaa kwa msusi kila Ijumaa jioni ni hao hao mabinti ambao kitabu kimewabana zaidi, ilhali mama zao, wenye nafasi ya ruhusa, wamejifunga mitandio na kusuka twende kilioni kwa nywele zao wenyewe.

Upande wa pili una hoja ambazo si dhaifu hata kidogo. Abu Daudi, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kutoka kwa Said bin Jubayr, mwanafunzi wa swahaba Ibn Abbas, kwamba hakuna ubaya katika "qaramil", nazo ni nyuzi za hariri au sufi ambazo wanawake walizisokota pamoja na misuko yao. Na Abu Daudi mwenyewe anaongeza kwamba Ahmad bin Hanbal, imamu wa madhehebu ya Hanbali, alikuwa akisema hivyo hivyo. Al-Layth bin Sa'd wa Misri alilifunga katazo katika nywele peke yake. Hata Kadhi Iyadh, aliyekuwa wa madhehebu ya Malik, ambayo ndiyo makali zaidi hapa, alisema kwamba nyuzi za hariri zenye rangi zisizofanana na nywele hazimo katika makatazo, kwa kuwa kusudi lake ni pambo na si kuunga. Dhidi yao inasimama hadithi ya Jabir katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume alimkemea mwanamke asiunge kichwani mwake kitu chochote. Na "kitu chochote" ni maneno mapana, ndiyo maana Imamu Malik na Tabari, mfasiri wa Kurani, waliufunga mlango kwa nywele, sufi na kitambaa.

Nilipokaa juu ya mkeka wa msusi mmoja huko Tanga, mtaa wa Ngamiani, nilimwona ametandaza bidhaa tatu mbele yake, na kila moja, nionavyo mimi, ina hukumu yake. Kwanza uzi wa sufi, mweusi na mwekundu, ambao hata mtoto anajua si nywele. Pili pakiti za rasta, nyuzi za plastiki zilizotengenezwa zifanane na nywele, ambazo ncha zake huchovywa katika maji ya moto zisifumuke. Tatu wigi, ambayo muuzaji alimhakikishia kuwa ni nywele za mtu. "Dada, plastiki ukiichoma inajikunja kidonge," msusi aliniambia, akawasha kibiriti kuunguza vinyweleo vya rasta shingoni mwa mteja, na harufu ya plastiki ikajaa barazani, "ya mtu inanuka kama manyoya ya kuku." Kipimo hicho cha kibiriti kingewafaa baadhi ya wanaotoa fatwa kwa jumla.

Uzi wa sufi, kwa maoni yangu, ni qaramil ile ile ya Said bin Jubayr, na kumtupia laana binti aliyeusuka ni kuvuka mpaka. Wigi ya nywele za binadamu haina mtetezi wa maana katika madhehebu manne inapovaliwa kwa mapambo. Nyingi za nywele hizo hutoka India, ambako mahujaji wa Kihindu hunyolewa katika hekalu la Tirumala na nywele zao kupigwa mnada, jambo ambalo ndilo hasa fakihi wa Kishafi alilichelea aliposema mwili wa mwanadamu si bidhaa. Rasta ndiyo inayobaki katikati. Si nywele, kwa hiyo Al-Layth angeiachia, na Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Hanafi, nao wamelegeza katika visivyo vya binadamu. Lakini imetengenezwa kwa makusudi ionekane nywele, kwa hiyo sharti la Kadhi Iyadh haliipitishi. Rasta ya zambarau inayofika kiunoni haimdanganyi mtu. Rasta nyeusi nyembamba iliyounganishwa kwa ustadi hadi mshono usionekane inadanganya, na hiyo ndiyo sifa ambayo mteja ameilipia.

Wako wanaosema kwamba wigi ni afadhali kwa kuwa inafunika nywele, ikawa mahali pa ushungi. Hoja hiyo haihitaji muda mrefu: kilichoamrishwa ni kuficha pambo, na wigi ni pambo.

Twahara ndiyo sehemu ambayo mabishano ya laana huisahaulisha, ingawa humkabili msukwaji kila siku. Katika udhu, Mshafi anatoshelezwa na kupaka maji sehemu ndogo ya kichwa, basi unywele wake mmoja halisi, ndani ya mpaka wa kichwa, unatosha. Kupaka juu ya wigi hakutoshi. Josho la janaba na la hedhi ni zito zaidi. Ummu Salama aliuliza kama afumue misuko yake iliyokazwa, akaambiwa inamtosha kujimiminia maji mara tatu, lakini Mashafi wameisharutisha ruhusa hiyo kwa maji kufika ndani ya msuko na kwenye ngozi. Msuko uliobanwa na nyuzi ukakaa miezi miwili unahitaji kuchunguzwa kwa vidole.

Narudi kwa yule binti wa surua. Wanazuoni wa zama hizi hutenganisha pambo na kuondoa aibu ya mwili, wakitegemea hadithi ya Arfaja, aliyepoteza pua vitani akaruhusiwa kuvaa pua ya dhahabu, na kwa njia hiyo Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu kupandikiza nywele zilizoanguka, hasa kwa mwanamke. Ibn Uthaymin, mwanazuoni wa Saudia aliyeharamisha wigi kwa jumla, alimruhusu mwanamke asiye na unywele kabisa. Wapinzani huuliza mara moja: je, binti wa hadithi hakuwa mgonjwa, tena bibi harusi? Jibu la upande wa ruhusa ni kwamba yule alipukutika, hakuwa na upara. Nywele zilibaki, na mama alitaka kuzirefusha kabla mume hajamwona. Naiona tofauti hiyo ni ya kweli, ingawa ni nyembamba, na inamhusu mgonjwa wa saratani anayetoka katika matibabu ya kemikali: siku kichwa ni kitupu ana ruhusa, na miezi baadaye, nywele zikishaota urefu wa nusu kidole, anakuwa karibu zaidi na binti wa hadithi ya Asma kuliko na Arfaja.