Bei ya Kutupa

Mshahara wangu ni mgeni asiyevua viatu. Unaingia mwisho wa mwezi, unasalimia, kisha unaondoka pamoja na kodi, nauli na madeni kabla sijaukaribisha kiti.

Ndiyo maana siku nilipopata wazo la kufuga kuku wa mayai, sikulala. Nilikesha na daftari. Kuku 30, kila mmoja yai moja kwa siku, hiyo ni trei kamili kila asubuhi. (Kuku hatagi kila siku. Yai moja humchukua zaidi kidogo ya saa 24, kwa hiyo lazima kuna siku ataruka. Hilo nililijua baadaye, lakini kati ya yote niliyokuwa siyajui, hilo ndilo lililokuwa dogo.) Kufikia saa nane usiku nilishanunua gari na nilikuwa nachagua rangi.

Tatizo mtaji. Tembe aliyekaribia kutaga ni ghali, kifaranga wa siku moja ni nafuu, na mimi nikampata muuzaji ambaye vifaranga wake walikuwa nafuu kuliko nafuu yenyewe.

"Ni mbegu ya mayai kweli?" nikamuuliza.

"Mbegu ya mayai kabisa, bosi. Hawa nawatoa kwa bei ya kutupa."

Naomba mlishike hilo neno.

Sebule ikageuka wodi. Taa ikawaka juu ya boksi usiku na mchana, maana wiki ya kwanza kifaranga anataka joto la nyuzi 33 hivi, na sisi wenye nyumba tukaloa jasho pamoja nao. Chanjo ya mdondo, chanjo ya gumboro, magunia ya chakula. Pesa ilipokata, nikawauzia wenzangu kazini mayai ambayo hayajatagwa. Watu saba walilipa kabisa. Bosi alilipia trei mbili.

Wiki ya sita mke wangu, ambaye amekulia kwenye kuku, alisimama mlangoni mwa banda akatazama weee.

"Mbona panga za vichwani zimewaiva mapema hivi?"

"Lishe bora."

"Na wanapigana kutwa."

"Wana ari ya kazi."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayekataa kupimwa.

Nikatengeneza viota sita, nikatandika maranda laini. Kila jioni nachungulia. Hakuna kitu. Kisha alfajiri moja ya wiki ya 15, saa kumi kasoro, nikasikia sauti kama mlango wenye bawaba mbovu. Wa pili akamjibu. Kufika Ijumaa ilikuwa kwaya nzima, wenye sauti nzito nyuma, wenye sauti nyembamba mbele. Mzee wa nyumba ya pili akanisimamisha njiani. "Kijana, hongera kwa mradi. Hizo saa za kengele unaanza kuziuza lini?"

Nilimfuata muuzaji nikiwa nimefura. Akashangaa yeye.

"Si nilikwambia mbegu ya mayai? Dada zao wanataga huko mpaka basi."

Akanieleza taratibu, kama mtoto. Vifaranga wa mbegu ya mayai huchambuliwa siku ile ile wanapoanguliwa. Majike huuzwa. Madume hayatagi, na hayanenepi haraka kama kuku wa nyama, kwa hiyo wengi hutupwa. "Ndiyo maana nikakwambia bei ya kutupa."

Hakunidanganya hata neno moja. Hicho ndicho kilichoniuma.

Wenzangu hawakutaka hadithi, walitaka mayai. Kwa wiki kadhaa nikawa nanunua mayai ya watu wengine kwa bei ya rejareja, nayabandika unyoya mmoja mmoja yaonekane ya nyumbani, napeleka kazini. Bosi akasifu sana. "Yai la kufuga mwenyewe halina mfano!" Nikamjibu ni lishe.

Wiki ya 21 naingia bandani kuhesabu mapora yangu yanayokula bure, nakuta kwenye kiota cha mwisho kitu cheupe, kidogo kama cha njiwa. Kumbe hata mchambuaji hodari hukosea mmoja. Kuku wangu walikuwa madume 29 na binti mmoja aliyekuwa amejinyamazia muda wote huo, na simlaumu.

Nilikimbia nalo ndani mikono miwili. Mke wangu akalipokea, akaligeuza, akaenda kulichukua lile daftari langu. Akafungua ukurasa wenye gari, na chini ya neno "Mapato" akaandika: 1.