Nguo kuukuu lakini si chafu

Katika wimbo wa mwanamuziki Mmarekani Stevie Wonder wa mwaka 1973, "Living for the City", mna mstari ambao kila nikiusikia naacha ninachofanya. Anasimulia familia ya watu weusi huko Mississippi: baba ambaye siku nyingine hufanya kazi saa 14 na kuambulia kama dola moja, mama anayedeki sakafu za watu. Kisha anamfikia binti wa nyumba hiyo. Nguo zake ni kuukuu, anasema, lakini kamwe si chafu. Basi, amepita. Wengi hawausikii mstari huo kwa sababu mdundo unawavuta mbele. Mimi naona maneno hayo machache yamebeba ugomvi uliowagawa wanamuziki wa soul, muziki wa Wamarekani weusi, kwa miaka zaidi ya kumi: maskini akiteseka, alaumiwe nani? Serikali iliyomtelekeza, au yeye mwenyewe asiyejikwamua?

Mara nyingi tukizungumzia soul ya malalamiko tunauliza swali jingine, kama nyimbo zile zilibadilisha chochote. Binamu yangu, mwalimu wa historia, nilimchezea santuri ya mwimbaji wa soul Marvin Gaye upande mmoja mzima. Alisikiliza kimya hadi mwisho, halafu akaniambia: "Kaka, hawa walilalamika vizuri mno. Serikali gani itaogopa sauti inayobembeleza namna hii?" Ameuliza la maana, na nitamjibu. Lakini ugomvi mzito zaidi ulikuwa ndani ya muziki wenyewe, na hauwezi kueleweka bila kujua watu wale walikuwa wamefanyiwa nini.

Julai 1967 jiji la Detroit liliwaka moto kwa ghasia za rangi, watu 43 wakafa. Rais Lyndon Johnson, ambaye Januari 1964 alikuwa ametangaza vita dhidi ya umaskini, akaunda tume ya kuchunguza ghasia hizo chini ya Otto Kerner, gavana wa Illinois. Ripoti ya tume ilitoka Februari 1968. Ilisema waziwazi kwamba Marekani inaelekea kuwa jamii mbili, moja ya weusi na moja ya weupe, zilizotengana na zisizo sawa, na kwamba mageto, yaani mitaa ya mijini ya weusi maskini, yalijengwa na kulindwa na taasisi za watu weupe. Ikataka ajira, nyumba na shule. Johnson akaiweka kando. Fedha zilikuwa zinateketea Vietnam. Januari 1970, Daniel Patrick Moynihan, mshauri wa Rais Nixon, akamwandikia mkubwa wake waraka akisema suala la rangi huenda likanufaika na kipindi cha kupuuzwa kwa nia njema. Waraka ukavuja magazetini. Moynihan alijitetea kwamba alimaanisha kupunguza makelele ya kisiasa, hakumaanisha kuwatupa watu. Huenda ni kweli. Ila kwa mama anayewafukuza panya usiku wasimng'ate mtoto, hilo la nia njema halikuwa na uzito wowote. Lililomfikia ni kupuuzwa.

Ndipo akaja Marvin Gaye. Berry Gordy, mwenye kampuni ya santuri ya Motown, hakuutaka wimbo wa "What's Going On". Aliona utamharibia kijana wake wa nyimbo za mapenzi. Gaye alikaza, wimbo ukatoka Januari 1971, na albamu ya jina hilohilo ikafuata Mei. Wimbo wa mwisho wa albamu, "Inner City Blues", alioutunga pamoja na James Nyx, ndio ninaoutaka hapa. Sikiliza unavyoanza: kinanda kinagonga kwa uzito, besi ya Bob Babbitt inazunguka palepale kama mtu anayetembea chumbani bila pa kwenda, na ngoma za mkono zinapapasa tu. Juu yake sauti ya Gaye imerekodiwa mara kadhaa na kupangwa moja juu ya nyingine, hivyo unamsikia akiitikiana na nafsi yake.

Maneno yake ni hesabu tupu. Roketi zinapelekwa mwezini, afadhali fedha hizo wangepewa wasio nacho. Tunazichuma, na kabla hatujazitia machoni mmeshazichukua. Bili zinapanda, kodi ya serikali hailipiki, kijana anapelekwa vitani kufa. Gaye hamtaji Rais kwa jina, lakini anaitaja bajeti, na anayeitaja bajeti amemtaja mwenye kuipanga. Hoja ya mwezini hakuizua yeye. Mwaka 1969, siku moja kabla ya Apollo 11 kuruka kupeleka watu mwezini, Mchungaji Ralph Abernathy aliongoza familia maskini pamoja na mikokoteni ya nyumbu hadi karibu na kituo cha kurushia roketi huko Florida, akamweleza mkuu wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, Thomas Paine, ana kwa ana kwamba mmoja kati ya kila Wamarekani watano hana chakula, mavazi wala makazi ya kutosha. Paine alimjibu kwa heshima, na kesho yake roketi ikaruka.

Upande wa pili wa ugomvi una jina kubwa kuliko la Gaye. James Brown alikulia Augusta, Georgia, katika ufukara wa kupindukia. Alikuwa akisimulia kwamba akiwa mtoto alirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa sababu hakuwa na nguo za kutosha. Alisugua viatu vya watu barabarani. Mwaka 1969 alitoa wimbo ambao jina lake refu lina maana hii: sitaki mtu anipe kitu, fungueni mlango, nitajichukulia mwenyewe. Mwaka 1972 akamuunga mkono Nixon hadharani, na wengi waliompenda wakamwona msaliti. Msomaji wa Tanzania atasikia hapo harufu ya kujitegemea, lakini asiharakishe kuyalinganisha. Kujitegemea kwa Azimio la Arusha kulitamkwa na chama na serikali iliyojibebesha mzigo. Brown alikuwa akizungumza na watu ambao serikali yao ilikuwa imeshaonyesha haina haja nao.

Nataka kumtendea haki Brown, kwa sababu wachambuzi wengi humpita kwa dharau. Aliyeona ahadi za mwaka 1964 zikiyeyuka kufikia 1968 alikuwa na sababu ya kusema tusingoje. Kungoja kulikuwa kunaua. Brown alinunua vituo vya redio, kimojawapo kikiwa kile cha Augusta ambacho utotoni alisugulia viatu karibu na mlango wake. Curtis Mayfield, aliyepitia ujana wake kwenye majengo ya Cabrini-Green, nyumba za umma za maskini kule Chicago, alianzisha kampuni yake ya santuri ya Curtom mwaka 1968 ili jasho lake lisiliwe na wengine. The Staple Singers waliimba mwaka 1971 kwamba mtu ajiheshimu kwanza, na ukimsikia Mavis Staples unajua hawasimangi maskini. Ni kama shangazi anayekuweka sawa kola kabla hujatoka. Nyimbo hizi hazikuandikiwa Ikulu. Ziliandikiwa kijana aliyefundishwa tangu utotoni kwamba yeye si kitu, na kijana huyo aliambiwa mambo ambayo hakuna ripoti ya serikali ingeweza kumwambia.

Tatizo langu linaanza pale wimbo unapomtaja maskini peke yake na kumsahau aliyemfikisha hapo. Mfano unaonisumbua zaidi ni "Let's Clean Up the Ghetto" wa mwaka 1977, kutoka Philadelphia kwa Kenny Gamble na Leon Huff, watunzi waliokuwa na kampuni yao ya santuri. Walikusanyika magwiji wote wa kampuni: The O'Jays, Teddy Pendergrass, Billy Paul. Lou Rawls anaanza kwa kuzungumza kwa ile sauti yake nzito, akieleza jinsi taka zilivyorundikana mitaani, kisha wote wanaitikia: tusafishe geto. Nia ilikuwa njema, faida ilitengwa kwa kazi za jamii, na Gamble mwenyewe baadaye alirudi kuwekeza katika mtaa aliokulia, jambo ambalo wengi waliotajirika hawakulifanya. Namheshimu kwa hilo. Lakini jiulize: kuzoa taka ni kazi ya nani? Wakazi wa geto walikuwa wanalipa kodi kama wengine. Katika mitaa ya matajiri hakuna aliyetungiwa wimbo wa kumhimiza achukue fagio, kwa sababu huko gari la manispaa lilikuwa linapita. Mtu akisafisha mlango wake kwa hiari amejitunza. Akiambiwa kwamba uchafu ule ni tabia yake, wakati huduma imekatwa, ametwishwa deni la mwingine. Wimbo wa namna hiyo unamfaa sana mtawala anayetafuta sababu ya kupuuza kwa nia njema.

Sasa turudi kwa binti wa Mississippi. Wonder anaichukua familia ile na kuitimizia kila sharti la upande wa pili. Baba anafanya kazi. Mama anafanya kazi. Wazazi wanawalea watoto kwa upendo na kuwaonyesha njia. Kijana ana akili na subira. Nguo ni kuukuu, ila zimefuliwa. Hakuna kilichobaki cha kuwadai watu hawa: wamejiheshimu, wamejisafisha, hawakuomba kupewa. Na bado kazi hawapati, kwa sababu mahali walipo hawaajiri watu wa rangi yao. Jibu hili halimtukani James Brown. Linapita katikati ya hoja yake na kutokea upande wa pili: haya, tumefanya yote uliyosema, mbona mlango haujafunguliwa?

Hata ala zinasema hivyohivyo. Wonder alizipiga zote mwenyewe katika wimbo huo, kinanda, ngoma, besi ya sinthesaiza. Simulizi ya familia nzima imebebwa na jasho la mtu mmoja.

Mwaka uliofuata alikwenda moja kwa moja. "You Haven't Done Nothin'" ulitoka Agosti 1974, wiki ileile Nixon alipojiuzulu, na Novemba ukashika namba moja Marekani, huku kundi la Jackson 5 likiitikia. Mtawala anaambiwa kwamba hajafanya lolote. Naupenda, lakini nauona mwepesi kuliko ule wa 1973, maana Nixon alikuwa ameshaanguka kwa kashfa ya Watergate, isiyohusiana na nyumba wala ajira za mtu yeyote. Kumpiga aliyekwisha kuanguka si kazi kubwa.

Binamu yangu bado anadai jibu. Anaweza kunikumbusha kwamba Motown ilihamia Los Angeles mwaka 1972, mwaka mmoja baada ya albamu ya Gaye, ikaiacha Detroit na majengo yaliyoungua. Anaweza kuongeza Kinshasa: Septemba 1974 James Brown, Bill Withers na B.B. King walipanda jukwaani huko kwenye tamasha lililofungamana na pambano la ngumi la Ali na Foreman, pambano lililogharimiwa na serikali ya Mobutu, rais wa Zaire, kwa fedha za nchi ambayo wananchi wake nao walikuwa wametelekezwa. Hayo yote ni kweli na yanauma. Na sisi huku hatukusikia vizuri zaidi: mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, hofu kubwa ikiwa maadili ya vijana. Tulitazama miguu ya wachezaji, maneno tukayaacha.

Kuhusu sauti inayobembeleza, hapo ndipo simkubalii. Kuna wimbo wa Wonder wa 1976, "Village Ghetto Land", alioutunga na Gary Byrd. Umepigwa kwa sinthesaiza inayoiga fidla za kasri za wafalme, laini, za kistaarabu, kama chai inaandaliwa. Juu ya fidla hizo anatutembeza mtaani: damu njiani, watu wanaonunua chakula cha mbwa ili wale wao, wanasiasa wakicheka na kunywa. Utamu ule ndio wenye makali. Unasikia starehe ya watawala na njaa ya watawaliwa kwa pamoja, na masikio yako yanakataa kuviweka mahali pamoja. Wimbo huo ungepigwa kwa kelele, tungejua mapema pa kukasirikia na tungejikinga.

Kilichozikata makali nyimbo hizi mara nyingi kilikuwa mkasi, wala si utamu. "Living for the City" kwenye santuri ina zaidi ya dakika 7. Katikati muziki unapungua na tunasikia mchezo mfupi: kijana anashuka basi New York, anashangaa maghorofa, mtu anamtuma na kifurushi kwa haraka, polisi wanamdaka, hakimu anamhukumu miaka 10, askari jela anamsukuma ndani kwa tusi la rangi yake. Kisha Wonder anarudi, lakini sauti imekwaruza, imezeeka, kama mtu aliyelia usiku kucha. Hapo ndipo serikali inapoonekana kwa mara ya kwanza katika maisha ya familia ile. Haikuleta shule wala ajira, imekuja na pingu.

Toleo lililotengenezwa kwa ajili ya redio lilikuwa chini ya dakika 4, na kipande hicho kiliondolewa chote. Wimbo ukapanda hadi namba 8 Marekani. Mamilioni wakamjua baba wa saa 14 na binti wa nguo safi, wakaimba nao garini na jikoni. Mlango wa jela uliusikia tu kama ulikuwa na santuri nzima.